Video ya dakika tatu kabla ya maabara: funzo nililotoa Kitui na Makueni

Mimi ni mwalimu wa kemia, mzaliwa wa Kilifi, lakini miaka yangu ya mwanzo kazini niliimalizia Kitui na Makueni. Shule moja niliyofunza ilikuwa na biureti 4 kwa wanafunzi zaidi ya 40. Kipindi cha dakika 80 kilikwisha nikieleza hiki ni nini na kile chashikwaje. Kengele ikilia, wengi hawajagusa kitu. Na KCSE haisubiri: karatasi ya tatu ya kemia, yenye alama 40, ni ya vitendo.

Ndipo nikaanza kurekodi kwa simu, katika maabara yetu wenyewe, kwa vifaa vile vile. Jioni kabla ya somo nilionyesha video ya dakika tatu, yenye jambo moja tu. Mfano: biureti husuuzwa kwa asidi, pipeti kwa besi, lakini chupa ya kuchanganyia kwa maji matupu. Hapo nasimamisha na kuuliza: mbona chupa isisuuzwe kwa besi pia? Kwa sababu mabaki yake yataongeza kile pipeti ilichopima, na jibu litakuwa la uongo.

Asubuhi yake waliingia wakijua pa kuanzia, na muda ukabakia wa mikono.

Lakini video ina mpaka wake. Binti mmoja aliniambia, "Mwalimu, mbona kwenye video rangi haikupotea ghafla hivi?" Alikuwa amefungua koki kupita kiasi. Kudondosha tone moja moja hadi waridi ipotee hujifunzwa kwa vidole, si kwa macho.

Kutumia kilichopo si jambo geni huko. Mradi wa SMASSE wa serikali ya Kenya na JICA ya Japani ulianza mwaka 1998 katika wilaya 9, Makueni ikiwemo, ukihimiza walimu wafanye majaribio hata kwa vifaa vya kubuni.

Walimu wenzangu wa Kwale, Kilifi na Lamu, simu mnazo, jaribuni. Nanyi wazazi na bodi za shule, msije mkasema, "Wana video, biureti za nini?" Video humtayarisha mtoto kwa maabara. Akifika akakuta meza tupu, tumemtayarishia nini?