Kifua Kikuu Sugu Kagera: Kinga Inaanzia Zahanati

Kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa za miezi 6, na Tanzania dawa hizo hutolewa bure. Kwa nini basi kuna kifua kikuu sugu?

Tuanze na vimelea vyenyewe. Pafu lililotoboka kwa ugonjwa huu huweza kubeba vimelea milioni 100 na zaidi. Kimoja hivi katika kila milioni huwa hakisikii dawa ya isoniazidi tangu mwanzo. Kwa dawa ya rifampisini, ni kimoja hivi katika milioni 100. Dawa moja ikitumika peke yake, inaua vinavyoisikia na kuviachia nafasi visivyoisikia. Zikitumika pamoja, kinachoikwepa moja huuawa na nyingine. Ndiyo maana mgonjwa huanza na dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Dawa zikimezwa kwa kurukaruka, ulinzi huo huvunjika. Usugu ukishazaliwa, huambukizwa kwa hewa hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge.

Sasa tuitazame wilaya ya Muleba. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na wengi huhama na samaki. Aliyeanza dawa kisiwa cha Bumbire mwezi huu, mwezi ujao huenda yuko kisiwa cha Goziba. Kikohozi kimekoma, mwili umerudi, naye anajiona mzima. Akiondoka bila barua ya uhamisho, kituo cha kwanza kinamwandika mtoro na cha pili hakimjui. Kumlaumu hakutoshi: ratiba ya kliniki imepangwa kwa mtu anayelala kijiji kimoja mwaka mzima.

Kagera ina sababu nyingine ya kujali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na VVU huamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kwa hiyo kila anayefuata dawa za VVU, Bukoba au visiwani, aulizwe kuhusu kikohozi kila anapohudhuria.

Nchi hii ina uzoefu wa kupambana na kifua kikuu. Mpango wa Taifa ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ulisimama juu ya mambo manne: kupima makohozi, dawa zisizokatika, daftari la wagonjwa na mratibu wa wilaya. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliufanya kielelezo kwa nchi nyingine.

Kutibu usugu ni kazi nzito zaidi. Matibabu yalipoanza hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, yalichukua miezi 20 hivi, pamoja na sindano za miezi kadhaa zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi. Mtu wa Bukoba alivuka nchi kuyafuata matibabu hayo. Leo huduma imesogezwa mikoani, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 vyenye bedakwilini. Ni nafuu kubwa, lakini bedakwilini nayo ikitumiwa ovyo itazaa usugu wake.

Kwa hiyo kipaumbele kiwe wazi. Makohozi ya kila anayeshukiwa yafike kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo kwa saa 2 hivi huonyesha kama rifampisini bado inafanya kazi. Mvuvi anayehama apewe dawa za kumtosha, na vituo vipigiane simu kabla hajatweka. Viongozi wa mialo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wajue nani yuko kwenye dawa, kwa kutunza siri yake. Na halmashauri inapopanga bajeti, mafuta ya boti ya mratibu yahesabiwe kuwa sehemu ya tiba.