Visasili vya Ugiriki na Ufilipino: Nani hasa mwenye kosa?

MSICHANA mmoja wa Ufilipino aliagizwa na mama yake mgonjwa apike uji. Akaingia jikoni, hakuuona upawa, akarudi kuuliza uko wapi. Haikuwa mara ya kwanza kwake kuuliza kitu kilichokuwa mbele ya pua yake. Mama, kwa hasira ya maradhi na uchovu, akatamka kwamba ni heri binti huyo aote macho elfu moja, apate kuona kila kitu. Tangu hapo msichana hakuonekana tena. Baada ya muda ukaota uani mmea usiojulikana, na tunda lake lilikuwa limezungukwa na macho kila upande.

Msichana huyo ni Pina, na tunda hilo ni nanasi. Kwa watoto wa Ufilipino hii ni miongoni mwa hadithi za kwanza kabisa kusimuliwa nyumbani na shuleni, na funzo lake hutajwa kuwa ni utii na kuacha uvivu.

Wapo wanaopenda kumweka Pina sambamba na Arachne, msichana mwingine aliyegeuzwa kwa hasira ya mkubwa wake. Simulizi kamili la Arachne tulilonalo limetoka kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyerithi hadithi za Wagiriki na kuzikusanya katika utenzi wake Metamorphoses, uliokamilika mnamo mwaka 8 baada ya Kristo. Arachne alikuwa mfumaji hodari wa nchi ya Lydia, aliyekataa kukiri kwamba ufundi wake ulitoka kwa mungu-mke Athena, ambaye Warumi walimwita Minerva. Wakashindana. Mungu-mke akafuma utukufu wa miungu. Arachne akafuma jinsi miungu ilivyowalaghai na kuwadhulumu wanawake. Kazi yake haikuwa na dosari, na hapo ndipo shari ilipoanza. Athena aliichana, akampiga binti huyo kichwani, na alipojitia kitanzi akamgeuza buibui, afume milele.

Kwa haraka mtu angesema hadithi hizo mbili ni moja: binti mkaidi, adhabu, mgeuko. Lakini Pina aliadhibiwa kwa kutofanya kazi, na Arachne aliadhibiwa kwa kuifanya vizuri kupita kiasi na kusema kweli isiyotakiwa kusemwa. Aliyekosewa na Pina ni mama aliyelala kitandani. Aliyekosewa na Arachne ni mwenye enzi. Wagiriki walikuwa na neno lao kwa kosa la namna hiyo, hubris, yaani ujeuri wa mtu anayevuka mpaka aliowekewa. Niobe aliyejigamba kwamba amemzidi mungu-mke Leto kwa wingi wa watoto alipokonywa watoto wake wote.

Tofauti nyingine imo katika mwisho wa hadithi. Athena anaondoka bila majuto. Mama yake Pina anabaki na mmea uani, akiutunza, akijua ni ulimi wake ulioutenda. Waswahili husema maneno huumba, na hapa yameumba kweli. Kwa hiyo hadithi ina funzo la pili ambalo wakubwa hulipita kimya wanapowasimulia watoto: mzazi naye achunge kauli yake. Ni haki kuongeza kwamba Wagiriki hawakuwa wageni wa jambo hilo. Theseus alimlaani mwanawe Hippolytus kwa kusingiziwa, na ukweli ulipodhihirika kijana alikuwa ameshavunjwavunjwa na farasi wake.

Nanasi lenyewe lina ushahidi wake. Asili yake ni Amerika Kusini, na liliingia Ufilipino kwa mikono ya Wahispania, walioanza kuvitawala visiwa hivyo mwaka 1565. Hata jina Pina limetokana na neno la Kihispania ambalo maana yake ya kwanza ni tunda la msonobari. Hadithi hiyo basi, kwa umbo tulilolizoea, haiwezi kuwa ya kale zaidi ya ujio wa Wahispania, ingawa husimuliwa kana kwamba imeanza na dunia.

Tahadhari hiyo inahitajika zaidi tunapofika kwa Pandora, ambaye pengine ndiye mwanamke aliyelaumiwa kuliko wote katika visasili vya Ugiriki. Aliyetuachia habari zake ni Hesiod, mshairi na mkulima wa Boeotia aliyeishi mnamo mwaka 700 kabla ya Kristo. Prometheus alikuwa amewaibia wanadamu moto na kuuficha ndani ya bua. Zeus, ili alipize kisasi, akaamuru mwanamke afinyangwe kwa udongo na maji, apambwe na kila mungu kwa kipawa chake, kisha apelekwe kwa Epimetheus, nduguye Prometheus, aliyekuwa ameonywa asipokee zawadi yoyote kutoka kwa Zeus lakini akasahau. Mwanamke huyo akafunua mtungi, maradhi na taabu zikatawanyika duniani, na Tumaini peke yake likabaki chini ya mdomo wa mtungi.

Ni mtungi, si kasha. Hesiod alitaja chombo kikubwa cha udongo, cha aina iliyotumika kuhifadhia nafaka, mafuta na divai. Kasha limetokana na tafsiri ya mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam katika karne ya 16. Jambo zito zaidi ni kwamba Hesiod hasemi popote kwamba Pandora alikatazwa kufunua, wala kwamba alishindwa kuzuia udadisi wake. Hayo yameongezwa na vizazi vya baadaye, mpaka hadithi ya kisasi cha Zeus ikawa hadithi ya mwanamke mdadisi. Hata hivyo Hesiod mwenyewe hatoki bila lawama, kwani katika utenzi wake mwingine anawataja wanawake wote kuwa ni balaa waliloletewa wanaume. Na alikuwa na yake moyoni. Utenzi wenye habari za mtungi ameuelekeza kwa ndugu yake Perses, waliyegombana naye juu ya urithi, akimhimiza aache kesi na kushika jembe.

Ng'ambo ya bahari, mwaka 1582, Mhispania Miguel de Loarca aliandika masimulizi aliyoyapata kwa watu wa Visaya, katikati ya Ufilipino. Kwa mujibu wa maandishi hayo, mwanamume na mwanamke wa kwanza, Sikalak na Sikabay, walitoka pamoja katika mwanzi mmoja uliopasuka. Mwanamume akaomba ndoa. Mwanamke akakataa, kwa hoja kwamba wao ni ndugu wa mwanzi mmoja, waliotenganishwa na kifundo tu. Hapakuwa na mabavu. Walikubaliana kutafuta ushauri, wakawauliza samaki wa baharini na njiwa wa angani, na mwishowe tetemeko la ardhi, likawajibu kwamba waoane ili dunia ipate watu.

Hakuna mtungi hapa, wala mwanamke aliyeletwa baadaye kama adhabu. Wasomi wengi wa Ufilipino hukumbusha pia kwamba kabla ya kuja kwa mapadri wa Kihispania, shughuli za ibada na uganga ziliongozwa zaidi na wanawake waliojulikana kama babaylan. Lakini si busara kulifanya simulizi hilo kuwa hati ya usawa. Katika toleo la Watagalog lililochapwa mwaka 1916 katika kitabu cha Mmarekani Mabel Cook Cole, watoto wa jozi hiyo walipokimbia fimbo ya baba yao, waliojificha katika vyumba vya ndani wakawa machifu, waliojibanza ukutani wakawa watumwa, na waliotoka nje wakawa watu huru. Kisasili kilichowapa mume na mke chimbuko moja kilihalalisha pia kwamba mtu fulani azaliwe mtumwa wa mwingine.

Siku hizi jozi hiyo hujulikana zaidi kwa majina ya Malakas, yaani mwenye nguvu, na Maganda, yaani mrembo. Majina hayo pekee yameshagawa kazi: huyu wa kutawala, huyu wa kutazamwa. Ferdinand Marcos, aliyeiongoza Ufilipino kuanzia mwaka 1965 hadi alipoondolewa na nguvu ya umma mwaka 1986, aliuona mwanya huo. Yeye na mkewe Imelda walichorwa kama Malakas na Maganda wakichomoza katika mwanzi, kana kwamba taifa zima limetoka kwao.

Kuna eneo jingine ambamo masimulizi ya pande hizi mbili yanakaribiana sana, nalo ni msitu. Wagiriki walisimulia juu ya Erysichthon, aliyekata mti katika kichaka kitakatifu cha Demeter, mungu-mke wa mazao. Adhabu yake ilikuwa njaa isiyoshiba. Katika usimulizi wa Ovid aliuza kila alichonacho, akamuuza hata binti yake, na mwisho akajitafuna mwenyewe.

Kusini mwa Manila, katika mkoa wa Laguna, upo mlima Makiling, ambao wenyeji husema unalindwa na Maria Makiling, mwanamke wa kimizimu mwenye ukarimu. José Rizal, mwandishi na mpigania haki aliyezaliwa Calamba karibu na mlima huo mwaka 1861 na kuuawa na Wahispania mwaka 1896, aliandika habari zake katika gazeti la La Solidaridad mwaka 1890. Maskini waliokuwa na harusi, anaeleza Rizal, walikuwa wakimwazima nguo na mapambo, nao walitakiwa kuvirudisha pamoja na mtamba wa kuku mweupe. Siku moja Maria akaacha kuonekana. Hakumla mtu, hakumgeuza mtu mdudu. Aliondoka tu, na milango ya ukarimu ikafungwa.

Kwa nini aliondoka? Toleo linalosimuliwa sana kwa watoto lina jibu moja: wanakijiji walikuwa wakiazima bila kurudisha. Funzo ni shukrani na uaminifu, na mwenye kosa ni maskini. Rizal alilitaja jibu hilo, lakini akaandika pia kwamba wapo waliosema Maria alikasirika kwa sababu mapadri wa shirika la Wadominiko walitaka kujitwalia nusu ya mlima wake. Hakueleza zaidi, na wasomaji wake wa Calamba hawakuhitaji maelezo. Mashamba ya eneo hilo yalimilikiwa na shirika hilo hilo, wapangaji walikuwa katika mgogoro mkali wa kodi, na kati ya mwaka 1890 na 1891 wengi wao, wakiwamo wazazi na ndugu wa Rizal, walifukuzwa katika ardhi na nyumba zao.