Baridi ya miezi saba: Aliyoyakumbuka Laura na aliyoyaficha

HEBU fikiria, msomaji, kwamba chakula cha nyumba yako nzima kinategemea kinu kidogo cha kusagia kahawa. Ngano inatiwa ndani kiganja kwa kiganja, mpini unazungushwa tangu asubuhi hadi jioni, na unga unaopatikana unatosha mkate wa siku moja tu. Kesho yake kazi ni ile ile. Nje upepo unalia usiku na mchana, na theluji imerundikana hadi ikaziba madirisha.

Hayo ndiyo maisha aliyoishi msichana mmoja wa miaka 13, Laura Ingalls, katika mji mdogo wa De Smet, kaskazini mwa Marekani, kuanzia Oktoba 1880 hadi Mei 1881. Mji huo uko katika jimbo ambalo leo laitwa South Dakota, kwenye mbuga tambarare zisizo na mlima wala msitu wa kuuzuia upepo. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wadakota kabla ya walowezi kugawiwa mashamba.

Wapenzi wa vitabu watamjua Laura kwa jina la mumewe, Wilder. Ndiye aliyeandika mfululizo wa vitabu vya watoto uliotengenezewa mchezo wa televisheni kati ya 1974 na 1983. Kitabu kinachoeleza baridi hiyo, The Long Winter, kilitolewa mwaka wa 1940, wakati Laura alikuwa bibi kizee wa miaka 73.

Swali la kujiuliza ni hili: mtu akikumbuka taabu za utotoni baada ya miaka 60, anakumbuka nini hasa? Na je, kuna jambo analoliacha kwa makusudi?

Mji uliozaliwa na reli

Ili kuelewa jinsi watu walivyofikia kusaga ngano kwa kinu cha kahawa, yafaa kujua kwamba De Smet ulikuwa mji mchanga. Ulianza mwaka huo huo wa 1880 reli ilipofika. Wakazi wengi walikuwa wamehamia juzi juzi, na walikuwa hawajavuna mazao ya kutosha. Unga, sukari, makaa ya mawe na mafuta ya taa vyote vililetwa na garimoshi.

Charles Ingalls, babake Laura, alikuwa na shamba nje ya mji na jengo la duka katika barabara kuu. Dhoruba ya kwanza ilipiga katikati ya Oktoba, mapema kuliko ilivyozoeleka. Laura anasimulia kwamba baada ya hapo mzee mmoja wa wenyeji asilia aliingia katika duka la mji akawaonya wazungu kuwa dhoruba zingefuatana kwa miezi saba. Charles hakupuuza maneno ya mkubwa. Aliihamisha jamii yake mjini mara moja.

Je, dhoruba ya theluji ni nini? Sisi tuliozoea kibaridi cha Julai cha Limuru, tunachokiponya kwa sweta na chai, tusidhani tumeionja. Upepo mkali huinua theluji iliyo laini kama unga na kuipeperusha hewani, hata mtu asiweze kuona mkono wake mwenyewe. Charles alipokwenda kuwalisha wanyama, alishika kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa toka nyumbani hadi kwenye zizi. Bila kamba hiyo angeweza kupotea katika uwanja wa nyumba yake mwenyewe.

Siku moja dhoruba iliwakuta watoto shuleni. Mwalimu na wanafunzi wakatoka kwa miguu kurudi katika barabara kuu, safari fupi mno siku ya jua. Wakapotea njia. Laura anaeleza kwamba aliligonga jengo kwa bahati tu, na kumbe lilikuwa jengo la mwisho mjini. Mbele yake kulikuwa na mbuga tupu. Wangalipita hatua chache kando, pengine tusingekuwa na kitabu hata kimoja cha kuzungumzia leo.

Hatari hiyo haikuwa ya hadithi. Mnamo Januari 12, 1888, dhoruba nyingine iliyapiga maeneo hayo mchana wa siku ya shule. Watoto wengi waliganda wakijaribu kurudi makwao. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200 walikufa, na hadi leo inaitwa dhoruba ya watoto wa shule.

Garimoshi lakwama

Mapema Januari 1881 magarimoshi yalikoma kufika De Smet. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Pale reli ilipokatiza kilima, njia yake ilichimbwa kama mfereji mrefu, na mfereji huo ukajaa theluji. Wafanyakazi waliizoa kwa sepetu siku nzima, na usiku upepo ukaujaza tena. Theluji iliyorudiwa kuzolewa ilirundikwa kingoni, kingo zikapanda, na mfereji ukazidi kuwa mrefu wa kina. Kadiri walivyochimba ndivyo walivyouandalia upepo shimo kubwa zaidi.

Makaa ya mawe yakaisha, na kwa kuwa hakuna miti katika mbuga zile, hapakuwa na kuni. Jamii ya Ingalls ikachoma nyasi kavu. Charles alizileta kutoka shambani kwa farasi kati ya dhoruba na dhoruba, kisha yeye na Laura wakazisokota zikawa ngumu kama vijiti. Kijiti kimoja kiliungua kwa dakika chache tu, hivyo ilibidi kusokota kutwa kucha ili moto usizimike. Vidole vya Charles vilivimba kwa baridi na kazi hiyo hata akashindwa kupiga fidla yake, chombo ambacho ndicho kilichokuwa kikiwachangamsha watoto jioni.

Mafuta ya taa nayo yakaisha. Mama, Caroline, akachukua kitambaa na kifungo cha nguo, akakifunga na kukisimamisha katika kisahani cha grisi ya magurudumu, akatengeneza kibatari. Nyama ikaisha, siagi ikaisha, viazi vikahesabiwa kimoja kimoja. Ikabaki ngano na kile kinu.

Kila mtu na kazi yake

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa na wazazi. Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto wa kutazama tu. Mary, dada mkubwa wa Laura, alikuwa kipofu tangu mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa. Lakini kinu hakihitaji macho. Laura anamweleza Mary akikaa kando ya jiko na kinu mapajani, akizungusha mpini saa baada ya saa. Carrie, wa miaka 10, alipokea zamu yake. Hata Grace, aliyekuwa na miaka mitatu tu, alichungwa na kuimbiwa ili asiwasumbue wafanyao kazi. Shule ilipofungwa kwa ukosefu wa makaa, masomo yaliendelea jikoni, wakikaririana kwa sauti ili Mary asiachwe nyuma.

Usidhani kwamba walikuwa malaika. Laura anakiri kwamba baridi na njaa viliwapumbaza akili. Walinyamaza, wakakasirikiana kwa mambo madogo, wakakosa hamu ya lolote. Sauti ya upepo haikuwatoka masikioni.

Hatimaye ngano nayo ilikaribia kwisha mji mzima. Ndipo vijana wawili, Almanzo Wilder na Cap Garland, walipojitolea kwenda mbugani kumtafuta mkulima aliyesemekana ameweka ngano. Waliondoka kwa farasi wakijua kwamba dhoruba ikiwakuta njiani hawatarudi. Walimpata. Mkulima alikataa mwanzoni, kwani hiyo ilikuwa mbegu yake ya msimu ujao, lakini wakamshawishi, wakarudi na ngano usiku.

Mwenye duka aliyetoa fedha za kuinunulia alitaka kuiuza kwa faida kubwa mno. Wanaume wa mji walimwendea. Laura anasimulia kwamba babake hakutoa tisho la ngumi. Alimkumbusha tu kwamba baridi ina mwisho, na siku za jua watu watachagua duka la kuingia. Mfanyabiashara akafikiri, akaiuza kwa bei aliyonunulia.

Garimoshi lilipofika Mei, lilileta pia pipa la zawadi za Krismasi lililokwama njiani tangu Desemba. Ndani yake mlikuwa na bata mzinga aliyekuwa bado ameganda. Wakala Krismasi yao Mei. Miaka minne baadaye, Agosti 1885, Laura aliolewa na yule kijana Almanzo aliyeleta ngano.

Wageni waliofutwa

Hadithi ingeweza kuishia hapo, nasi tukasifu umoja wa baba, mama na mabinti wanne. Lakini kuna mengine.

Kabla ya kuviandika vitabu hivyo, Laura alikuwa ameandika masimulizi ya maisha yake kwa ajili ya wasomaji wazima, karibu na mwaka wa 1930. Aliyaita Pioneer Girl. Wachapishaji hawakuyataka, na yalitolewa kuwa kitabu mwaka wa 2014, miaka 57 baada ya kifo chake. Humo tunakuta jambo ambalo The Long Winter haina hata kidogo: katika baridi ile jamii ya Ingalls haikuwa peke yake. Waliishi pamoja na mume na mke, George na Maggie Masters, na mtoto wao mchanga.

Laura hakuwasahau hata chembe. Anamweleza George kuwa mtu aliyekaa karibu kabisa na moto, asiyekwenda kuleta nyasi wala kuzisokota, na aliyekuwa wa kwanza kunyakua viazi mezani huku wengine wakiangalia. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miezi mingi, na jembe hakulishika.

Kwa nini basi hayumo katika kitabu cha watoto? Laura alimweleza bintiye Rose, aliyekuwa akimsaidia kuhariri, kwamba kuwaingiza watu hao kungeiharibu hadithi. Alitaka msomaji aone jamii moja iliyo peke yake mbele ya dhoruba. Akawafuta. Hata umri wa Almanzo aliubadilisha: kitabuni ana miaka 19, hali kwa kweli alikuwa amefika 23.

Je, alisema uongo? Kuhusu ukali wa baridi, la. Mwaka wa 2020 wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani walichapisha uchunguzi uliolinganisha simulizi yake na kumbukumbu za vipimo, wakaona kwamba msimu huo ulikuwa miongoni mwa mibaya kabisa katika eneo lile. Theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba ilipoyeyuka mito ilifurika, na sehemu kubwa ya mji wa Vermillion, katika Dakota hiyo hiyo, ikasombwa na maji.

Lakini kuhusu watu wa nyumbani, alichagua. Wanafunzi wanaoandikishwa insha za maisha yao wangefaidika kuvisoma vitabu hivyo viwili pamoja. Kimoja kinaonyesha yaliyompata mwandishi. Cha pili kinaonyesha alichotaka tuyaelewe kuwa. Tofauti kati ya vyote viwili ni yule mtu aliyeketi karibu na moto.

Na si Dakota pekee. Nchini mwetu wazee wengi bado hueleza ukame wa 1984 na ugali wa mahindi ya manjano. Wakisimulia, huwa ni wakati ambapo kila mtu alimsaidia mwenzake. Pengine ni kweli. Pengine pia kulikuwa na mjomba aliyekula kwanza.

Kwa wazazi, somo ni dogo lakini zito. Laura alinyimwa nyama, mwanga, shule na Krismasi, na bado akawa na kumbukumbu za kupendeza za kuandika uzeeni. Aliyoyashika ni kazi ya mikono yake mwenyewe na dada aliyezungusha kinu bila kuona. Mtoto anayepewa kazi yake wakati wa dhiki hukua akijihesabu kuwa mmoja wa waliookoa nyumba. Anayefichwa kila taabu hubaki na hofu tu.

Nanyi vijana, mkiketi na nyanya siku moja akaanza kueleza mambo ya kale, msikilizeni hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha mwulizeni kwa adabu: nani mwingine alikuwa nyumbani siku hizo? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, vuteni viti karibu.