Mzinga Uliohamwa: Haja ya Kuchunguza Afya ya Nyuki Nchini Kote

Katika kijiji cha Kewanja, wilayani Tarime, mfugaji nyuki mmoja mwenye umri mkubwa aliwahi kunionyesha mzinga wa gogo ulioning'inia mtini ukiwa mtupu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya masega makavu yaliyofunikwa na nyuzi za nondo wa nta, wala hapakuonekana hata mzoga mmoja wa nyuki. Mzee huyo akaniuliza, "Mwalimu, hawa waliugua au walihama tu?" Nilikuwa nimekwisha kusomea elimu ya wadudu ng'ambo hata nikapata shahada ya udaktari, lakini swali hilo sikuweza kulijibu. Makala haya yana nia ya kueleza kwa nini sikuweza, na ni jambo gani ambalo lingeniwezesha.

Tabia ya kuhama

Nyuki wa asali wa Afrika Mashariki ni wa spishi moja na wale wa Ulaya, yaani Apis mellifera, ila wamegawanyika katika nasaba mbalimbali. Mwaka 1961 mtaalamu F. G. Smith, aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, alizieleza nasaba mbili za hapa kwetu: litorea wa mwambao na monticola wa milimani. Katika nyanda za mbuga zilizo bara, nasaba iliyoenea ni scutellata.

Nyuki hawa wana tabia moja ambayo ni muhimu sana katika habari hii. Wanapopatwa na njaa, ukame, moto, siafu, nyegere, au usumbufu wa mara kwa mara wa binadamu, kundi zima huacha masega yake na kwenda kutafuta makao mengine. Kundi la Ulaya likiugua wakati wa baridi, mara nyingi hufia mzingani, na mchunguzi hukuta mizoga ya kupima. Kundi letu huondoka na ushahidi wake. Nondo wa nta huja baadaye na kuyala masega yaliyoachwa bila walinzi. Hivyo kumkuta nondo si hoja ya kutosha kwamba yeye ndiye aliyewafukuza nyuki.

Ni dhahiri basi kwamba mzinga uliohamwa hauwezi kutueleza chanzo cha kuhamwa kwake. Anayetaka kujua hana budi kuwa aliwachunguza nyuki wangali wamo, tena wangali wazima.

Utitiri uliotoka Asia

Miongoni mwa maadui wa nyuki duniani, aliyeleta hasara kubwa zaidi ni utitiri uitwao Varroa destructor. Ni kidudu chekundu-hudhurungi, chenye upana wa milimita moja na nusu hivi, kinachoweza kuonekana kwa macho matupu. Asili yake ni nyuki wa Asia, Apis cerana, na katika karne ya 20 kilihamia kwa nyuki wetu. Utitiri jike huingia katika chumba cha sega muda mfupi kabla ya nyuki kukifunika, na humo huzaa huku akimfyonza mtoto wa nyuki. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba chakula chake ni damu ya nyuki. Mwaka 2019 Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba hasa hula tishu ya mafuta, ambayo kwa mdudu hufanya kazi nyingi zinazofanywa na ini la binadamu. Zaidi ya hayo, utitiri huyu hueneza virusi, kikiwamo kile kinachowafanya nyuki wachanga watoke na mbawa zilizosinyaa.

Afrika Kusini ilimgundua mwaka 1997. Mwaka 2009 alipatikana Kenya na Tanzania.

Hapa yanipasa kukiri kosa langu. Niliporejea nyumbani niliwafundisha wanafunzi kwamba kundi lenye utitiri lisilotiwa dawa litakufa baada ya miaka miwili au mitatu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na kwa nyuki wengi wa Ulaya na Marekani ni kweli. Lakini nilikuwa nimechukua jibu la nchi nyingine kabla ya kupima hali ya nchi yangu.

Uchunguzi wa Kenya

Majirani zetu walipima. Mwaka 2010 Elliud Muli, pamoja na wataalamu wenzake wa Kenya na wa Marekani, walifanya uchunguzi katika sehemu 24 za Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walitazama ukubwa wa makundi, utitiri, vimelea vya Nosema, virusi na mabaki ya sumu za kilimo.

Utitiri ulionekana karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Katika virusi saba vya nyuki vinavyojulikana sana Ulaya na Marekani, walipata vitatu tu. Navyo vilizidi pale utitiri ulipozidi. Sumu za kilimo zilikuwa chache na kwa viwango vidogo. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba makundi yenye utitiri hayakuwa madogo kuliko mengine, ingawa wenye nyuki hawakuwa wakitumia dawa. Tena, pale ambapo nyuki walikuwa hodari wa kuwatoa nje watoto waliokufa au kuugua, utitiri ulikuwa mchache.

Afrika Kusini nako makundi yalistahimili baada ya miaka michache. Kwa hiyo mtu anayekimbilia kutia dawa ya utitiri katika mizinga ya hapa huenda akatia sumu katika nta na asali bila faida, na kuyahifadhi makundi dhaifu ambayo maumbile yangeyapunguza.

Lakini uchunguzi huo uliishia mpakani, na nyuki hawajui mpaka. Kewanja iko karibu na Kenya, kaskazini ya Mto Mara, mto uanzao katika nyanda za juu za Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Na kwa kuwa maji hayapandi mlima, sehemu hizi za bonde la mto huo haziwezi kuwa chini ya kimo hicho. Uchunguzi wa Kenya ulionyesha pia kwamba idadi ya utitiri iliongezeka kadiri ya kimo. Je, kanuni hiyo inafuata vilevile katika Tarime na Serengeti? Swali hili hujibiwa kwa kuhesabu tu.

Makundi mangapi yapimwe?

Utitiri si adui pekee. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeorodhesha maradhi na mashambulizi sita ya nyuki ambayo nchi hupaswa kuyatolea taarifa. Mojawapo ni uozo wa majana wa Kimarekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Mbegu za bakteria huyo huweza kukaa hai katika masega ya zamani kwa zaidi ya miaka 30, na zinaweza kusafiri na asali, nta au mizinga iliyokwisha kutumika. Mwaka 2009 ulithibitishwa katika Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Adui naye huweza kutoka kwetu kwenda kwingine: mbawakavu mdogo wa mzinga, Aethina tumida, ambaye nyuki wa Afrika humdhibiti wenyewe, alipofika Florida mwaka 1998 na Italia mwaka 2014 alileta hasara.

Tuseme ugonjwa umeingia katika makundi 5 kwa kila 100 ya wilaya fulani. Tukipima makundi 10 tu, uwezekano wa kutouona kabisa ni 0.95 kwa kipeo cha 10, yaani kama 0.60. Mara sita katika kumi tutatangaza kwamba wilaya ni salama, kumbe sivyo! Ili uwezekano wa kukosea usizidi 0.05, hatuna budi kupima makundi 59 yaliyochaguliwa bila upendeleo, kwa njia ambayo haikosi kuuona ugonjwa pale ulipo. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake wahakikishe hesabu hii kwa kutumia logi. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba mtaalamu mmoja aliyetumwa kutoka Arusha au Dodoma hawezi kuizunguka nchi nzima. Kazi hii inahitaji watu walio karibu na mizinga.

Namna ya kuhesabu utitiri

Shule iliyo karibu na manzuki inaweza kushiriki. Nyuki wetu ni wakali; kwa hiyo kazi hii ifanywe jioni, pamoja na mfugaji mzoefu, kwa bomba la moshi na mavazi kamili, na mwanafunzi ambaye mwili wake hudhurika sana kwa sumu ya nyuki asishiriki kabisa. Mizinga yenye viunzi vinavyoinuliwa hufaa kuliko magogo, kwa kuwa masega huweza kurudishwa bila kuvunjwa.

Kwanza, toa sega lenye majana na uhakikishe malkia hayumo. Pili, kung'utia nyuki wa nusu kikombe, ambao ni kama 300, katika chupa yenye mfuniko wa wavu mwembamba. Tatu, tia vijiko viwili vya sukari iliyosagwa ikawa laini kama unga, uizungushe chupa kwa dakika moja, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Nne, ipindue na kuitikisa juu ya sinia jeupe lenye maji kidogo: sukari itayeyuka, na utitiri utaelea. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai. Ukipata utitiri 12, kiwango ni 4 kwa kila nyuki 100.

Andika tarehe, mahali, kimo, aina ya mzinga, mimea inayochanua, na idadi uliyoipata. Ukipata sifuri, andika sifuri. Nayo ni taarifa kamili, wala si kazi iliyopotea. Rudia kila msimu, na nakala umpelekee afisa nyuki wa wilaya. Ukiona majana yaliyooza na kunuka, usiyahamishe wala usiuze masega hayo. Toa habari mara moja.

Kwa kumalizia

Kama mzinga wa yule mzee ungalihesabiwa mara mbili au tatu kabla ya kuhamwa, ningaliweza kumjibu walau kwa sehemu. Kama utitiri ulikuwa mchache na majana safi, tungalitafuta sababu katika njaa, siafu au moto. Kama ulikuwa umepanda ghafla, tungaliwaonya wenye mizinga wa Kewanja na wa ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, mapema. Bila daftari, wote wawili tulibaki kutazama gogo tupu. Ni wajibu wetu sisi walimu kuwazoeza vijana kupima kitu kingali kizima, ili siku kitakapoharibika wajue kimebadilika nini.

Maswali ya darasani

1. Ikiwa ugonjwa umo katika makundi 10 kwa kila 100, ni makundi mangapi yapimwe ili uwezekano wa kuukosa usizidi 0.05?
2. Kwa nini haifai kuchagua mizinga iliyo kandokando ya barabara peke yake?
3. Taja sababu tatu zisizo za ugonjwa zinazoweza kulifanya kundi lihame, na ueleze ungezitambuaje.