Kabati Lenye Kufuli Halimfundishi Mtoto

Vikundi vingi vimejitahidi kununulia shule vitabu. Harambee imefanywa, kabati limeletwa, fundi ametia kufuli. Lakini ukirudi baada ya mwaka, utakuta vitabu vingali vipya kabisa! Mwalimu anaogopa vitapotea, na mtoto naye hajui aanzie wapi. Basi pesa za kikundi zimelala humo ndani.

Kutumia maktaba ni ujuzi, kama kupanda mahindi kwa mistari. Mtoto hazaliwi nao, hufundishwa. Wala si lazima kuwe na jengo. Rafu moja na kipindi kimoja kwa wiki vyatosha kuanza. Zungumzeni na walimu juu ya mambo haya manne.

1. Kutunza kitabu. Mikono iwe safi. Ukurasa hufunguliwa kwa pembe ya juu, bila kulamba kidole. Ulipoishia weka kipande cha karatasi, usikunje. Hata watoto wa gredi ya kwanza wanaweza.

2. Kujua mahali pake. Vitabu vya hadithi hupangwa kwa alfabeti, kufuata jina la ukoo la mwandishi. Vya maarifa hupangwa kwa namba. Mpango unaotumiwa sana duniani ulitolewa mwaka 1876 na Mmarekani Melvil Dewey, aliyegawa elimu yote katika mafungu kumi. Dini ni 200, lugha 400, sayansi 500, historia na jiografia 900. Afya utaipata 610, kilimo na ufugaji 630. Mtoto akizizoea namba hizi, hatapotea akiingia maktaba kubwa mjini.

3. Kutafuta jambo ndani ya kitabu. Mwanzoni kuna yaliyomo, yaani orodha ya sura. Mwishoni mwa vitabu vingi vya maarifa kuna faharasa, yaani maneno kwa alfabeti pamoja na kurasa zake. Wapeni watoto swali: "Minyoo huingiaje mwilini?" Kila kundi litafute jibu, kisha liseme limelipata kitabu gani, ukurasa gani. Hapo mtoto anajifunza kujitafutia, si kungoja kuambiwa.

4. Kuazima na kurudisha. Daftari moja latosha: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Watoto wa gredi ya tano na ya sita waliandike wenyewe, mwalimu akisimamia.

Je, vitabu vikipotea? Vichache vitapotea, na vingine vitachakaa. Lakini kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Huko Garissa, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia hadi kwa jamii za wafugaji wanaohamahama. Ikiwa watu wa kuhama huazima vitabu, sisi wenye boma la kudumu tutashindwa?

Kazi ya kikundi ipo. Tengenezeni rafu, funikeni vitabu kwa karatasi ya kaki, na mzazi mmoja amsaidie mwalimu siku ya kuazima. Mtoto aliyepoteza kitabu asichapwe, maana wenzake wataogopa kuchukua.

Ya kuzungumzia katika mkutano wenu:
- Shule yetu ina vitabu vingapi, na ufunguo uko kwa nani?
- Kitabu kikipotea tutafanyaje?
- Nani kati yetu atajitolea saa moja kila wiki?