3615: Namba Iliyokuwa Kila Mahali, na Funzo Lake kwa Pesa Zako

Siku hizi namba ya Till iko kila mahali: kwenye stika ya dukani, kwenye mwavuli wa mama mboga, hata kwenye kalenda ya kinyozi. Mtindo huu si mpya. Wafaransa waliuzoea kabla intaneti haijafika majumbani, na vitu walivyobaki navyo vina la kutufunza.

Minitel ilikuwa nini?

Ilikuwa mashine ndogo yenye skrini na kibodi, iliyounganishwa kwenye laini ya simu ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara ya serikali iliyosimamia simu ilianza kuwagawia wateja mashine hizo bure, watafute namba za watu kwenye skrini badala ya kitabu. Baadaye ungeweza kukata tiketi ya treni, kuangalia salio la benki, kuagiza bidhaa au kupiga stori na mtu usiyemjua. Huduma ilizimwa tarehe 30 Juni 2012.

Mbona matangazo yalikuwa mengi hivyo?

Ulipiga 3615, ukasikia mlio, ukabonyeza kitufe cha kuunganisha, kisha ukaandika jina la huduma, kwa mfano SNCF kwa mambo ya treni. Hakukuwa na linki ya kubonyeza wala Google. Ukisahau jina, biashara imekukosa! Ndiyo maana majina yalichapishwa kwenye mabango, stika, kalamu, beji na kadi za kupigia simu za vibandani. Hadi leo kuna watu wanaokusanya kadi hizo kama wengine wanavyokusanya stempu. Nayo mabango ya 3615 ULLA, huduma ya gumzo la watu wazima, bado yanakumbukwa sana.

Pesa zilikatwaje?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo palipouma. Hukuombwa kadi wala PIN. 3615 ilitoza takriban faranga 1 kwa dakika, yaani kama 60 kwa saa, na deni likaingia kwenye bili ya simu. Kampuni ya simu ilibaki na sehemu yake, nyingine ikaenda kwa mwenye huduma. Kwa hivyo kadiri ulivyokaa kwenye gumzo, ndivyo mwenye huduma alivyopata. Mashine ilikuwa ya bure, lakini dakika hazikuwa za bure. Familia nyingi zilijua hivyo bili ilipofika.

Tunajifunza nini?

• Stika si ushahidi. Mtu anaweza kubandika nyingine juu yake. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama silo, sitisha na umuulize mwenye duka.

• Tangazo huishi kuliko huduma. Kalamu ya 3615 bado inaandika, ila namba yake imekufa. Namba ya Paybill uliyoitoa kwenye kalenda ya zamani, ihakikishe kwanza.

• Uliza bei kabla ya kujiunga. Huduma inayokata airtime kidogo kidogo haiumi leo, inauma mwisho wa mwezi. Pitia meseji zako za makato kila wiki.

Namba rahisi kukumbuka ni nzuri kwa biashara. Kwako wewe mteja, sekunde tano za kusoma jina na kiasi ndizo zinazolinda pesa zako.