Waliochimba Bulyanhulu Kabla ya Mgodi

Haya wajukuu, sogeeni. Leo nawapeleka Kahama, mkoani Shinyanga, mahali panapoitwa Bulyanhulu. Ni nchi ya ng'ombe na pamba. Dhahabu ya ukanda huu haikuanza jana: Geita, jirani tu, Wajerumani waliigundua tangu 1898.

Lakini Bulyanhulu ilifunguliwa na wachimbaji wadogo. Mtu alishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akiwa na tochi, nyundo na tindo, kuta zikishikiliwa na matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mawe yalipandishwa kwa kamba, yakatwangwa, yakaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, kisha zebaki ikanasa dhahabu. Aliyeshuka na mwenye duara waligawana mawe. Mama lishe naye aliuza wali kwa mkopo, akisubiri mawe hayohayo. Kazi ile iliua, tena zebaki ni sumu, msidanganyike. Ila ilijenga nyumba na kulipa ada.

Miaka ya 1990 Serikali ikawafungulia milango wawekezaji. Sutton Resources ya Kanada ikapata eneo hilo kupitia kampuni yake tanzu. Mwishoni mwa Julai 1996 amri ikatoka: wachimbaji waondoke. Agosti tingatinga zikafukia maduara. Yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha, na wakaguzi wa Kundi la Benki ya Dunia, mwaka 2002, wakasema hawakuona ushahidi. Mabishano hayakuisha. Kampuni ya Barrick Gold ilikwishainunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukaanza kazi 2001.

Najua mtauliza: "Babu, si ardhi ilikuwa yao?" Juu, mkulima ana haki ya kulima. Chini ni habari nyingine, kwani Sheria ya Madini ya 1979 ilikwishasema madini ni mali ya Jamhuri, na anayeyachimba ni mwenye leseni. Wakikutana shambani, mkulima hulipwa fidia akapisha. Ugomvi huzaliwa hapo: fidia huhesabu mihogo na nyumba, haihesabu dhahabu iliyo chini yake. Kwangu mimi, hiyo si hesabu ya haki.

Leo leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania pekee. Kwa hiyo mkimsikia mtu wa Geita akijisifu kuwa shamba lake lina dhahabu, mwulizeni kwanza kama ana leseni.